Vyama vya wakazi na ulinzi wa ardhi ya kijani Nairobi: Kutoka Karura hadi Kitisuru

KILA panapowekwa bango la kutangaza ujenzi mpya katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi, maswali mawili huzuka miongoni mwa majirani. Je, ardhi hiyo inaruhusiwa kujengwa? Na kama hairuhusiwi, ni nani mwenye haki ya kuuzuia ujenzi huo?

Swali la pili ndilo lililowasumbua Wakenya kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ilimwambia marehemu Profesa Wangari Maathai kwamba hakuwa na msingi wa kushtaki kwa niaba ya bustani ya umma. Leo Katiba inampa mtu yeyote haki hiyo, bila kumtaka athibitishe kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Kati ya nyakati hizo mbili kuna historia ndefu ya maandamano, majeraha, ripoti za tume na sheria mpya, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka katika msitu unaopakana na mitaa ya Kitisuru, Spring Valley, Gigiri na Muthaiga.

Makala haya yanaeleza historia hiyo, aina za ardhi ya kijani zinazotambuliwa na sheria, na njia ambazo vyama vya wakazi hufuata vinapopinga ujenzi.

Mtaa na msitu

Kitisuru iko kaskazini magharibi mwa katikati ya jiji, katika eneo bunge la Westlands. Ni eneo la mabonde na vijito, ambalo zamani lilizungukwa na mashamba ya kahawa. Kwa miaka mingi kanuni za ujenzi za jiji ziliuweka mtaa huu katika kundi la maeneo yenye nyumba chache, ambapo kila familia hujenga katika kipande cha ardhi kisichopungua takribani nusu ekari. Sababu yake haikuwa anasa peke yake. Maeneo mengi ya upande huo hayakuwa na mabomba ya majitaka, na kila nyumba ilihitaji nafasi ya kuchimba tangi lake bila kuchafua vijito vilivyo chini ya mteremko.

Kusini mashariki mwa mtaa huo uko Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa takribani hekta 1,041. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, wakati wa utawala wa kikoloni. Barabara ya Limuru huugawa sehemu mbili: Karura yenyewe upande wa mashariki, na Sigiria upande wa magharibi, unaoelekea Spring Valley na Kitisuru. Ndani yake mna mito, maporomoko ya maji na mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau.

Kwa kuwa ardhi iliyouzunguka ni miongoni mwa ghali zaidi nchini, msitu huo ulikuwa kishawishi kikubwa kwa wanyakuzi. Ekari moja ya miti haikuwa na bei sokoni, lakini ekari hiyo hiyo ikishapewa hatimiliki iligeuka kuwa mali ya mamilioni ya pesa kwa siku moja.

Uhuru Park, 1989: Mlango uliofungwa

Mwishoni mwa mwaka 1989 ilibainika kwamba serikali ya chama kimoja ilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, katikati ya jiji. Jumba hilo lilikuwa liwe makao ya chama tawala cha Kanu na ya gazeti lake la Kenya Times. Profesa Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt Movement lililoanza mwaka 1977, aliandika barua kwa ofisi mbalimbali za serikali na kwa mashirika ya kigeni akiupinga mradi huo.

Alipoelekea mahakamani, kesi yake ilitupwa Desemba mwaka huo. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba hakuwa ameonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi zaidi ya raia mwingine yeyote, na kwa hivyo ni Mwanasheria Mkuu tu aliyeweza kushtaki kwa niaba ya umma. Kwa maneno mengine, raia aliyetaka kuzuia mradi wa serikali alielekezwa kwa afisa wa serikali hiyo hiyo.

Mradi huo hatimaye uliachwa, baada ya lawama za nchini na za ng'ambo kuwatia hofu wafadhili. Uhuru Park ilisalimika, lakini mafanikio hayo hayakutokana na sheria. Funzo walilopata watetezi wa mazingira lilikuwa chungu: mahakama haikuwa kimbilio lao.

Karura, 1998 na 1999: Damu msituni

Funzo hilo lilijaribiwa tena mwaka 1998, habari ziliposambaa kwamba sehemu za Msitu wa Karura zilikuwa zimegawiwa kampuni za kibinafsi na ujenzi ulikuwa umeanza. Sheria ya Misitu ya wakati huo ilimruhusu waziri kubadilisha mipaka ya msitu kwa kuchapisha ilani ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wananchi wengi hawakuwahi kuliona gazeti hilo, na mara nyingi walitambua kilichotokea waliposikia mngurumo wa matingatinga.

Oktoba 1998 waandamanaji, wakiwemo wabunge wa upinzani, waliingia msituni na vifaa vya ujenzi vikateketezwa. Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Maathai alirejea akiwa na wafuasi wake, wabunge sita wa upinzani, wanahabari na waangalizi kutoka ng'ambo, kwa nia ya kupanda mti langoni. Walishambuliwa na kundi kubwa la walinzi waliokuwa na silaha butu. Profesa Maathai alijeruhiwa kichwani. Alipofika katika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe.

Shambulio hilo lililaaniwa kote duniani, hata na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan. Makao ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi yako Gigiri, hatua chache kutoka msituni. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana na wakakabiliana na polisi. Hatimaye, Agosti 16, 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba alikuwa amepiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Marufuku hiyo haikuyatatua yote. Mwaka 2001 serikali ilitangaza mpango wa kuondoa takribani hekta 67,000 kutoka misitu mbalimbali nchini. Hata hivyo, kuhusu Karura, ujenzi ulikuwa umesimama.

Kutoka maandamano hadi usimamizi

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki iliunda tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza jinsi misitu, bustani, viwanja vya shule na ardhi ya barabara vilivyogawiwa watu binafsi kwa njia zisizo halali, na ikapendekeza hatimiliki nyingi zifutwe. Karura ilitajwa miongoni mwa mifano ya wazi. Mwaka huo huo wa 2004, Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2007. Kwa mara ya kwanza sheria iliwaruhusu wananchi wanaoishi karibu na msitu kuunda chama na kushiriki katika usimamizi wake pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Mwaka 2009 majirani wa Karura walianzisha chama cha Friends of Karura Forest kwa misingi hiyo.

Wakati huo msitu ulikuwa umeponea matingatinga, lakini wakazi wengi wa jiji waliogopa kuukanyaga. Uliogopwa kwa wizi na mauaji, na wakataji miti na wagema pombe haramu walijificha humo. Chama hicho kilichanga fedha za kujenga ua wa umeme, kikawaajiri vijana wa vijiji jirani kuwa walinzi wa msitu, kikafungua njia za matembezi na za baiskeli. Miti ya kigeni ilianza kuondolewa hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na miti ya kiasili. Mwaka 2014 shughuli ya kuwarejesha mbega weusi kwa weupe msituni ilianza.

Hatua hiyo iliipa Karura ulinzi ambao ilani ya mwaka 1932 haikuweza kuupa. Maelfu ya watu wanaotembea msituni kila mwezi ni mashahidi. Mti ukikatwa leo asubuhi, habari huenea jijini kabla ya adhuhuri.

Hali kama hiyo ilijitokeza katika City Park, bustani ya takribani hekta 60 huko Parklands. Kikundi cha Friends of City Park kilianzishwa mwaka 1996 baada ya vipande vya bustani hiyo kuanza kunyakuliwa, na mwaka 2009 bustani ikatangazwa kuwa turathi ya kitaifa inayolindwa na sheria. Katika upande wa pili wa jiji, chama cha wakazi wa Karen na Lang'ata, kilichoanzishwa mwaka 1940, ni mfano wa zamani zaidi wa wakazi walioungana kutetea mpangilio wa mtaa wao.

Ardhi ya kijani ni ipi?

Pingamizi nyingi za wakazi hushindwa kwa sababu hazitofautishi aina za ardhi. Si kila penye miti pamehifadhiwa, na kila aina ya ardhi ina mlinzi na sheria yake.

Aina ya kwanza ni msitu wa umma uliotangazwa rasmi, kama Karura. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, mipaka yake haibadilishwi tena kwa ilani ya waziri ya siku 28. Anayetaka kuibadilisha hana budi kuwasilisha ombi ambalo huamuliwa na Bunge.

Aina ya pili ni bustani na viwanja vilivyotengewa umma wakati mtaa ulipogawanywa. Hivi ndivyo vilivyonyakuliwa kwa wingi zaidi, kwa kuwa mara nyingi havikuwa na hatimiliki na vilionekana kwenye ramani tu. Mtaa usio na nakala ya ramani yake ya awali hauwezi kuthibitisha kwamba kiwanja fulani kilikuwa cha watoto kuchezea.

Aina ya tatu ni kingo za mito. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka upana wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingoni, kutegemea upana wa mto. Katika eneo la mabonde kama Kitisuru, kanuni hii hugusa ploti nyingi, zikiwemo zilizo na hatimiliki halali, kwa maana mwenye ardhi anaweza kuwa mmiliki na bado asiruhusiwe kujenga ukingoni. Agosti 2018 jumba la biashara la Ukay Centre huko Westlands lilibomolewa katika operesheni dhidi ya majengo yaliyodaiwa kukalia kingo za mito.

Aina ya nne ni ardhi ya kibinafsi iliyo katika mtaa wa nyumba chache. Hii haijahifadhiwa kama msitu. Kinachoilinda ni kanuni za mipango ya jiji tu, na mwenyewe ana haki ya kuomba idhini ya kubadilisha matumizi yake. Hapa wakazi hawawezi kusema kwamba ardhi imenyakuliwa. Wanaweza tu kuhoji kama mabomba, barabara na maji vitamudu majengo yanayokusudiwa, na kama utaratibu umefuatwa.

Katiba ya 2010 na mlango uliofunguliwa

Kufunguka kwa mlango uliofungwa mwaka 1989 kulianza na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kisha Katiba ya 2010 ikaufungua wazi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote anayeona haki hiyo inakiukwa kwenda mahakamani, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Kifungu cha 62 kinaitambua misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, nacho Kifungu cha 40 kinasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mwaka 2011 iliundwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Nayo Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Aprili 2023 kuhusu ardhi ya ufuoni Mombasa katika kesi ya Dina Management, ilishikilia kwamba hatimiliki pekee haitoshi. Ikiwa ardhi ya umma iligawiwa awali bila kufuata sheria, hata aliyeinunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya karatasi aliyonunua.

Hatua za kufuata, na siku zinazohesabiwa

Sheria sasa humsikiliza mkazi, lakini humhesabia siku. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kwanza, wakazi hufanya upekuzi wa rekodi za ardhi, ambao Nairobi hufanywa kupitia mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, ili kujua mmiliki na matumizi yaliyoidhinishwa.

Pili, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi hutakiwa kuutangazia umma nia yake. Majirani wana siku 14 za kuwasilisha pingamizi kwa kaunti. Pingamizi linalotaja kanuni iliyokiukwa huwa na uzito kuliko lile linalolalamika kwamba mtaa utaharibika.

Tatu, asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya ardhi ya kaunti.

Nne, mradi mkubwa huhitaji leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, baada ya tathmini ya athari zake kwa mazingira. Wakazi wana haki ya kutoa maoni kuhusu ripoti hiyo. Leseni ikitolewa, wana siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo linaweza kuamuru hali ibaki ilivyo hadi kesi iamuliwe.

Mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Majaji mara kwa mara wamewarudisha wakazi walioruka kamati na jopo wakakimbilia mahakamani moja kwa moja, na wakati kesi ikirudi nyuma, jengo huendelea kupanda.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na ndiyo sababu hatua hizi hufuatwa kwa urahisi zaidi na chama kuliko mtu mmoja. Chama huhifadhi ramani na barua, huchanga ada za wakili, na hakihami mwenyekiti wake anapohama. Hata hivyo ni lazima kisajiliwe, kiwe na orodha ya wanachama na kumbukumbu za mikutano, kwa kuwa swali la kwanza la wakili wa mstawishaji ni nani aliyekituma chama hicho kusema kwa niaba ya mtaa. Kwa kawaida kesi ya chama hufunguliwa kwa majina ya maafisa wake.

Lawama dhidi ya vyama vya wakazi

Vyama hivi navyo vina wakosoaji, na hoja zao si za kupuuzwa. Nairobi ina upungufu mkubwa wa nyumba. Wapangaji wengi wa miji huuliza kama ni haki jiji la mamilioni ya watu kuendelea kutenga nusu ekari kwa familia moja kilomita chache kutoka katikati ya jiji, ilhali karibu na Loresho wakazi wa kijiji cha Kibagare wanaishi wakiwa wamebanana. Wakosoaji husema kwamba baadhi ya vyama hulinda bei ya nyumba kwa kisingizio cha kulinda miti, na kwamba mitaa isiyo na pesa za mawakili hunyang'anywa viwanja vyake bila kelele.

Hapa ndipo umuhimu wa kutofautisha aina za ardhi unapodhihirika. Mtaa unaopinga kila ghorofa mpya katika ardhi ya kibinafsi hupoteza imani ya umma, na siku utakapolia kuhusu kiwanja cha umma au ukingo wa mto huenda usisikilizwe. Karura ilipata watetezi jiji zima kwa sababu haikuwa ya majirani zake matajiri peke yao. Walioumizwa mwaka 1999 hawakuwa wakizilinda nyua zao.

Mvutano usiokwisha

Hata msitu uliokwisha kupiganiwa hauko salama milele. Mwaka 2024 zogo lilizuka upya kuhusu mipango ya ujenzi ndani ya Karura na kutengwa kwa takribani ekari 51 za msitu kwa ajili ya kupanua Barabara ya Kiambu. Green Belt Movement ilielekea mahakamani na kupata agizo la muda la kusimamisha shughuli hizo. Agosti 2025, agizo la KFS kwamba ada za kuingia msituni zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen lilizua malalamiko mapya, huku watumiaji wa msitu wakihofia kwamba chama cha jamii kilikuwa kikisukumwa kando katika usimamizi walioujenga tangu 2009.

Mwaka huo wa 2024 pia, wakazi wa Rhapta Road huko Westlands walifika kortini kupinga majumba marefu yaliyokuwa yakichomoza mtaani mwao. Mawimbi ya ujenzi yaliyozifunika Kilimani na Kileleshwa yanaelekea kaskazini, na mitaa ya Spring Valley na Kitisuru iko njiani.

Tofauti na mwaka 1989, mkazi anayesimama leo mbele ya bango la ujenzi haambiwi kwamba hana haki ya kuuliza. Kilicho mikononi mwake ni kuijua aina ya ardhi iliyo mbele yake, kuwa na ramani inayoithibitisha, na kufika na pingamizi lake kabla ya siku 14 kwisha.